Kama kiasi ni tunda la Roho, mbona mfanyakazi mwenzangu asiyesali ananizidi?

#1 Mlinda Lango
Wakuu, habari za jioni. Nina swali ambalo kanisani siwezi kuliuliza, maana kule mimi ndiye naulizwa.

Mimi ni mzee wa kanisa, mwaka wa sita huu. Ofisini nakaa meza moja na jamaa ambaye hana dini na wala hafichi. Juzi kwenye kikao mkubwa wetu alitubebesha kosa la hesabu ambalo si letu. Jamaa akafunika kalamu yake, akamwacha mkubwa amalize, akasema, "Naomba baadaye nikuonyeshe jedwali, nadhani kuna namba zimepishana." Basi, akanyamaza.

Mimi nilisimama mpaka kiti kikaanguka nyuma yangu. Niliyoyasema siyaandiki hapa. Na mle ndani kuna mtu anayesali kwetu.

Jioni ile ile nilikuwa na zamu ya kufundisha, na somo, maana Mungu naye ana utani wake, lilikuwa Wagalatia 5:22-23. Nilipofika neno la mwisho kwenye orodha, kiasi, nililisoma mbio nikapita.

Sasa hoja: kama kiasi ni tunda la Roho, asiye na Roho amelichuma wapi? Na mimi ninayedai ninaye, la kwangu liko wapi? Nawasilisha.

#2 Kiti cha Nyuma
Nimekaa pale naangalia madhehebu yakikutana.

#3 Bidii Kwanza
Mzee, usizunguke. Hufungi. Paulo kasema wazi, 1 Wakorintho 9:27: "bali nautesa mwili wangu na kuutumikisha." Mwili ukiuzoesha kila unachokitaka, siku ukiuambia ukae kimya utakushangaa. Mimi nafunga Jumatano na Ijumaa, mwaka wa tatu huu, na hasira zangu za zamani walionijua wanazisimulia kama hadithi.

#4 Neema Tupu
#3 umesoma Wakorintho, hukufika Wakolosai. Sura ya 2, mstari wa 21 mpaka 23: msishike, msionje, msiguse. Paulo anasema mambo hayo yanaonekana kana kwamba yana hekima, lakini "hayafai kitu kwa kuzizuia tamaa za mwili." Sasa Paulo yupi tumfuate?

Mimi nasimama na Tito 2:11-12. Ni neema inayotufundisha kuishi kwa kiasi. Mwalimu ni neema, wewe ni mwanafunzi. Mwanafunzi hajifundishi mwenyewe.

#5 Bidii Kwanza
Na mwanafunzi asiyefanya mazoezi anafaulu mtihani?

#6 Kamusi Chakavu
Kabla hamjafika mbali, tuangalie neno lenyewe, maana nusu ya ugomvi huu umo kwenye tafsiri.

Sisi tukisikia "kiasi" tunafikiria kipimo: kiasi gani, kwa kiasi, kupita kiasi. Neno la Kigiriki pale Wagalatia ni *enkrateia*, na ndani yake mna *kratos*, yaani nguvu, mamlaka. Ni mtu aliyejishika mwenyewe, kama mpanda farasi mwenye hatamu mkononi. Hilo halihusu kupunguza. Linauliza nani anatawala.

Biblia ya Kiswahili yenyewe inajua tofauti hiyo. Tito 1:8, sifa za askofu: anatakiwa awe "mwenye kiasi", halafu mwishoni mwa mstari, "mwenye kudhibiti nafsi yake". Ni maneno mawili tofauti kwenye Kigiriki. La kwanza ni la mtu mwenye akili iliyotulia. La pili ndilo ndugu wa lile la Wagalatia.

#7 Kiti cha Nyuma
Kwa hiyo yule mjomba anayesema "mimi nakunywa kwa kiasi" siku zote alikuwa hanukuu Wagalatia? Nitamfikishia habari 😂

#8 Rozari ya Mti
Somo zuri #6. Naongeza kitu kinachomjibu mleta uzi moja kwa moja. Sisi Wakatoliki tunafundishwa fadhila nne za kiutu, yaani tabia njema: busara, haki, nguvu na kiasi. Hizo hata Wagiriki wa kale wasiomjua Kristo walizifundisha. Mtu anazipata kwa kurudia tendo jema mpaka likawa tabia. Thomas wa Akwino, mwalimu wetu mkubwa wa teolojia, aliongeza kwamba zipo pia fadhila zinazomiminwa na Mungu mwenyewe. Za kwanza zinakufanya uishi vizuri na watu, za pili zinakuelekeza mbinguni. Huyo mwenzako ana za kwanza na anastahili pongezi. Halafu kuna yale matunda kumi na mawili ya Roho, nayo ni habari nyingine.

#9 Mlokole Sugu
Kumi na mawili?? Nimehesabu sasa hivi kwa vidole, ni tisa. Msiongeze neno.

#10 Rozari ya Mti
Sijaongeza mimi. Angalia Katekisimu namba 1832. Orodha hiyo imetoka kwenye Vulgata, tafsiri ya Kilatini. Mwishoni ina adabu, kujizuia na usafi wa moyo.

#11 Kamusi Chakavu
Wote mko sawa, kila mtu na maandishi yake. Kigiriki kina tisa, Vulgata iliyozoeleka kanisani ina kumi na mawili. Ila wote wawili mmesema "matunda" na mmekosea. Paulo ameandika "tunda", moja. Matendo ya mwili pale mstari wa 19 ndiyo mengi. Ndiyo maana swali la #1 la "tunda langu la kiasi liko wapi" lina kasoro: huwezi kukatiwa kipande kimoja ukabakiwa na vinane.

#12 Mlinda Lango
#11 hapo umenimaliza kabisa. Kwa hiyo sina hata upendo?

#13 Mama wa Wanne
Mwanangu usilie, hawa wanajua sana vitabu. Ngoja nikwambie la mama.

Nina watoto wanne, tumbo moja, baba mmoja. Wa pili tangu mchanga hakuwa na haraka. Ukimnyang'anya kitu anakuangalia tu, anatafuta kingine. Wa tatu ukimnyang'anya anajipiga chini mpaka anazimia pumzi. Wote nimewalea kwa maombi yale yale na viboko vile vile. Leo ni watu wazima, wa pili watu wanamsifu ana kiasi. Kiasi gani? Hajawahi kupigana na kitu! Wa tatu akimjibu mtu vibaya mara moja kwa mwezi, mimi peke yangu najua zile siku ishirini na tisa zimemgharimu nini. Huyo mwenzako wa kalamu labda alizaliwa hivyo.

#14 Rozari ya Mti
Mama umefundisha Aristotle, yule mwanafalsafa wa Kigiriki, bila kutaja jina. Alitofautisha mtu anayetamani vibaya lakini anajizuia, na mtu ambaye tamaa yenyewe imekwisha kunyooka. Kwake yeye huyo wa pili ndiye bora.

#15 Mama wa Wanne
Basi mwambie huyo Aristotle mimi simkubali. Wa tatu ndiye bora.

#16 Darubini
Nije na upande wa saikolojia kidogo. Wengi mmesikia lile jaribio la mwanasaikolojia Walter Mischel pale Chuo Kikuu cha Stanford, watoto wadogo na peremende laini: ukisubiri mpaka nirudi nakupa mbili. Watu wakajengea hapo dini nzima, kwamba mtoto aliyesubiri ndiye anayefanikiwa maishani. Mwaka 2018 watafiti wengine walirudia uchunguzi kwa kundi kubwa zaidi. Uhusiano ule ulionekana mdogo, na walipoingiza hali ya nyumbani kwenye hesabu ukapungua sana.

Ikaja nadharia ya Roy Baumeister, 1998, kwamba utashi ni kama msuli, ukiutumia asubuhi jioni umechoka. Hata mahubiri mengi yameibeba. Mwaka 2016 maabara 23 zilijaribu kuirudia kwa pamoja, hazikupata kitu cha maana.

Kilichonivutia mimi ni utafiti wa Wilhelm Hofmann na wenzake wa 2012. Watu walikuwa wanaulizwa mara kadhaa kwa siku, sasa hivi unatamani nini, unapambana nacho? Wale wenye sifa ya kujizuia walipambana mara chache kuliko wengine. Maana yake hawakuwa mabingwa wa kushindana na tamaa. Maisha yao yamepangwa ili wasikutane nayo ovyo.

#17 Bidii Kwanza
Hiyo ya msuli nimewahi kuihubiri. Mara mbili.

#18 Kiti cha Nyuma
Rudi madhabahuni ukatubu kwa maabara 23.

#19 Katekista Mstaafu
Alichosema #16 kiko Mwanzo 39. Mke wa Potifa alipomshika Yusufu nguo, Yusufu hakusimama kuonyesha nguvu za rohoni. Aliacha nguo akakimbia. Na mstari wa 10 unasema yule mama alisema naye siku baada ya siku, naye Yusufu hakukubali hata kuwa pamoja naye. Alianza kukimbia kabla ya siku ya kukimbia. Daudi kwenye 2 Samweli 11 ndiye aliyebaki juu ya dari akiendelea kuangalia.

#20 Nimetoka Mbali
Naingia kwa jina la bandia na mtaelewa kwa nini.

Nilikuwa nabeti. Mtu wa kwaya, sauti ya tatu, nabeti. Usiku mke akishalala nageukia ukutani, mwanga wa simu napunguza mpaka mwisho. Nilikuwa najua kidole gumba changu kinavyotetemeka kikiwa juu ya kile kitufe, nusu sekunde hivi. Ndani ya ile nusu sekunde nilikuwa naomba kabisa, kwa jina la Yesu, na kidole kinashuka katikati ya ombi.

Programu niliifuta mara kumi na moja. Niliwekewa mikono, nililia, nilishuhudia mbele za watu kwamba nimefunguliwa. Wiki ya tatu nikarudi, tena vibaya kuliko mwanzo. Andiko la Mathayo 12 la pepo anayeikuta nyumba tupu, imefagiwa na kupambwa, akaenda kuleta saba wengine, mimi nimeliishi.

Kilichonisaidia hakipendezi kushuhudia. Nilimwambia mke wangu kiasi chote cha deni. Laini ya simu yenye pesa akaishika yeye. Nikaenda kwa mshauri wa mambo ya uraibu, miezi minane. Na kwaya ikanipa kazi ya kufungua ukumbi usiku wa mazoezi, saa zile zile nilizokuwa nageukia ukutani. Sasa nikiulizwa ni Roho au ni mke au ni mshauri, sijui nikate wapi. Nimeacha kukata.

#21 Mlokole Sugu
Pole ndugu, lakini huo ni upungufu wa imani. Aliyewekwa huru na Mwana amekuwa huru kweli kweli. Mshauri wa nini?

#22 Nimetoka Mbali
#21 nimeandika jibu, nimelifuta. Nimeandika la pili, nimelifuta. Hili ni la tatu: asante, nimekusikia.

#23 Kiti cha Nyuma
Tumeona tunda likiiva mubashara. Uzi unaweza kufungwa.

#24 Neema Tupu
#21 na mimi ni mtu wa neema kama wewe, ila hapo sikuungi mkono. Neema ikija kwa mkono wa mke inapungua nini? Abigaili aliletwa kwa Daudi, 1 Samweli 25. Daudi ameshafunga upanga, watu 400 nyuma yake, anakwenda kuifuta nyumba ya Nabali kwa sababu ya tusi tu. Akazuiwa njiani na huyo Abigaili, mke wa Nabali. Na Daudi mwenyewe anasema Mungu ndiye aliyemtuma. Na sura moja tu kabla ya hapo mtu huyo huyo alikuwa na Sauli pangoni, akamwacha hai, akakata upindo wa vazi tu. Kwa Sauli mfalme alijizuia, kwa tusi la Nabali akalipuka.

#25 Mlinda Lango
Hiyo ya #24 imeniingia. Mimi misiba mikubwa nimeibeba kimya. Kilichoniangusha ni jedwali la hesabu.

#26 Simba wa Mlimani
Mzee mbona unajilaumu hivyo? Ulionewa ukasema. Hata Yesu alipindua meza hekaluni. Kuna hasira takatifu. Kiasi siyo kuwa kondoo wa kila mkubwa wa ofisi.

#27 Katekista Mstaafu
#26 nilijua tu hekalu litafika. Soma Marko 11 polepole. Mstari wa 11: Yesu anaingia hekaluni, anatazama yote pande zote, na kwa kuwa ilikuwa jioni anatoka kwenda Bethania na wale Thenashara. Meza alizipindua kesho yake, mstari wa 15. Aliona jioni, akalala, akarudi. Hiyo si hasira iliyomponyoka.

Na Yohana 2:15 anasema alifanya kikoto cha kambaa. Umewahi kusokota kamba wewe? Inachukua muda.

#28 Kamusi Chakavu
Naomba kuweka sawa: Yohana anaweka tukio mwanzoni mwa huduma, Marko anaweka wiki ya mwisho. Wapo wanaosema ni matukio mawili, wapo wanaosema ni moja. Usichanganye kikoto cha huku na usiku wa kule kana kwamba ni simulizi moja.

#29 Katekista Mstaafu
Nimekubali marekebisho. Lakini kwa vyovyote haraka haimo.

#30 Simba wa Mlimani
Sawa, lakini Waefeso 4:26 ipo: "Mwe na hasira, ila msitende dhambi." Hamjanijibu kuhusu wale wanaoambiwa "kuwa na kiasi" kila wanapodai haki yao. Neno hili linatumiwa sana na wenye vyeo.

#31 Mama wa Wanne
Hapo #30 nakupa. Nimeambiwa hivyo na wengi, wakiwemo waliokuwa na makosa.

#32 Kamusi Chakavu
Jibu la #30 liko Matendo 24:25. Paulo yuko kifungoni, amesimama mbele ya Feliki, liwali, na mkewe Drusila. Anazungumza habari ya haki, na kiasi, na hukumu itakayokuja. Neno ni lile lile la Wagalatia. Aliyehubiriwa kiasi pale ni mwenye cheo, na mhubiri ndiye mfungwa. Feliki akaingiwa hofu, akamwambia nenda zako, nikipata nafasi nitakuita. Akamweka miaka miwili, na mstari wa 26 unasema alikuwa anategemea kupewa fedha.

#33 Simba wa Mlimani
Nimeshika daftari. Hii sikuwahi kuihubiriwa.

#34 Msomaji wa Usiku
Mmebishana bidii na neema kutwa nzima, ugomvi huu una miaka zaidi ya 1,600. Augustino, yule askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, anakiri kwamba ujanani, kabla hajabatizwa mwaka 387, alikuwa anaomba: nipe usafi na kujizuia, lakini si sasa hivi. Nani hapa hajawahi kuomba ombi hilo? Baadaye akaandika ombi jingine, kwamba Mungu atoe anachoamuru kisha aamuru atakacho. Pelagio, mwalimu wa zama zile zile aliyesisitiza bidii ya mtu, alipolisikia alikasirika, akaona linawapa watu kisingizio cha kukaa tu. #3 na #5, mzee wako ni Pelagio. #4, wako ni Augustino.

#35 Bidii Kwanza
Pelagio si ndiye waliyemtangaza mzushi? Sitaki undugu naye. Mimi nasema fanya bidii kwa neema.

#36 Msomaji wa Usiku
Ndivyo wanavyosema wote wakishaambiwa jina la Pelagio.

#37 Kocha Mstaafu
Ngoja mwanamichezo nichangie. Mnanukuu 1 Wakorintho 9:27 mnaruka 25. "Na kila ashindanaye katika michezo hujizuia katika yote." Anaongelea Olimpiki. Mwanariadha hajizuii kwa sababu kujizuia ni kuzuri. Anataka taji. Ukimwondolea mashindano, kesho yake analala mpaka mchana. Nimefundisha vijana miaka mingi, sijawahi kuona mtu akijizuia kwa ajili ya kujizuia.

#38 Kamusi Chakavu
Zaidi ni michezo ya Isthmia, iliyofanyika karibu na Korintho yenyewe kila baada ya miaka miwili. Wasomaji wake walikuwa wanaiona kwa macho. Taji lilikuwa la majani, likinyauka ndiyo basi, ndiyo maana anasema "taji iharibikayo".

#39 Kocha Mstaafu
Bora zaidi. Kwa hiyo #1 swali lako kwa huyo mwenzako lilitakiwa liwe: anakimbilia taji gani?

#40 Mlinda Lango
Wakuu, nimerudi. Swali la #39 nimelichukua kama lilivyo, leo mchana nimemuuliza. Nimemwambia ukweli wote, hata ya kwamba nilifundisha Wagalatia jioni ile.

Amecheka sana. Akasema, "Wewe unadhani mimi ni mpole? Ofisini nalipwa. Ile kalamu nilikuwa naikaba." Halafu akaacha kucheka. Akasema akifika nyumbani anakaa kwanza ndani ya gari robo saa, injini imezimwa, kwa sababu asipokaa, yote aliyoyameza kutwa yanamwagikia wanawe. Na siku nyingine anakaa na bado yanamwagika.

Sijui niweke wapi hilo. Nilikuja kumuonea wivu.

#41 Neema Tupu
Ndiyo hiyo. Taji iharibikayo, #38 alishasema. Mithali 25:28, mji usio na kuta. Wake ulikuwa na ukuta wa mbele tu.

#42 Darubini
Taratibu #41. Mtu anayejua kukaa robo saa ndani ya gari ili asiumize watoto ana kitu. Wangapi kati yetu wana hiyo robo saa?

#43 Nimetoka Mbali
Hiyo robo saa mimi naiita maombi, hata kama yeye haiiti hivyo.

#44 Mlokole Sugu
Maombi kwa nani?

#45 Bidii Kwanza
Mimi naiita mazoezi. Msimnyang'anye.

#46 Mama wa Wanne
Na mimi swali langu ni kwa mleta uzi, siyo kwa mwenzake. Mwanangu, tumeshajua jamaa nyumbani kwake yukoje. Wewe kwako ukoje? Mkeo angeandika uzi, ungeanzaje?

#47 Kiti cha Nyuma
Mkuu Mlinda Lango yupo mtandaoni, taa ya kijani inawaka. Amesoma. Ameanza kuandika. Ameacha. Ameanza tena.